Keki ya Halloween: Anza na Kisu

Kila tarehe 31 Oktoba, kwenye meza nyingi za Marekani na Uingereza, huwekwa keki ambazo wageni huzizunguka na simu mkononi, wakapiga picha, kisha kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze kuzikata. Fuvu lenye meno yote. Nyumba ya mizuka yenye madirisha yanayong'aa. Mkono unaochomoza kaburini. Sherehe ikiisha na keki imebaki nzima, mwokaji husifiwa kwa kazi ambayo hakuna aliyeionja, na mimi naona hapo kazi haijakamilika. Hiki ni chakula. Ukitaka kiliwe, amua kisu kitapita wapi kabla hujavunja yai la kwanza.

Waayalandi, ambao mila nyingi za Halloween zilitoka kwao, wana mkate mtamu wa zabibu kavu uitwao barmbrack. Ndani yake hufichwa pete, na anayeikuta kwenye kipande chake huambiwa ndoa yake iko karibu. Zamani walitia pia sarafu, dalili ya utajiri, na kipande cha kitambaa, dalili ya ufukara. Nje mkate huo ni wa kawaida kabisa. Raha yake yote iko katika kukatwa. Nasi tuchukue hilo, ila tuache pete, maana watoto wanaweza kukabwa. Kati ya tabaka za keki zungusha ukingo wa krimu ya siagi, kisha jaza katikati jamu nyekundu ya stroberi. Fuvu likikatwa, "damu" itatiririka, na wageni watakisogelea kisu badala ya kukikimbia.

Kwa keki yenyewe, chagua ya chokoleti iliyoshikana, inayotengenezwa kwa mafuta. Sponji nyepesi huzama ikibebeshwa mapambo. Ioke siku moja kabla na uilaze kwenye friji ikiwa imefungwa vizuri, kwa sababu keki baridi huchongeka bila kumeguka. Ipake krimu nyembamba ya kwanza ya kushika makombo, igandishe nusu saa, ndipo upake ya pili.

Krimu hupatikana kwa gramu 250 za siagi laini na gramu 500 za sukari ya aisingi. Rangi nyeusi ndiyo inayowashinda wengi: humimina rangi mpaka krimu ikawa chungu, na wageni wakaondoka na meno meusi. Usianze na krimu nyeupe. Toa gramu 80 za sukari, weka kakao nyeusi mahali pake, halafu ongeza rangi ya jeli kidogo tu. Itaonekana ya kijivu. Iache usiku kucha, kwani rangi huendelea kukolea yenyewe. Hata hivyo, nyeusi tupu naiweka kwenye mistari na vivuli pekee. Sehemu kubwa iwe kahawia iliyokolea, ambayo usiku, kwenye mwanga wa mishumaa, hutisha vilevile.

Fondanti hulainisha sura ya keki, lakini watu wengi huibandua na kuiacha pembeni ya sahani. Kama pambo litaachwa, kwa nini ulitengeneze? Nyuso, vidole na popo vifinyange kwa chokoleti. Yeyusha gramu 400 za chokoleti nyeusi, changanya na gramu 160 hivi za glukosi ya maji mpaka donge lishikane, lifunge, liache saa kadhaa ligande, kisha likande kwa mikono. Ladha yake humfanya mtoto aombe sikio la mzuka kabla hujamkatia kipande.

Ukitazama kazi za Christine McConnell, Mmarekani ambaye Netflix ilimpa kipindi mwaka 2018, utatamani kufanya kila kitu kwa mara moja. Chagua kitu kimoja kikubwa, vingine viwe vya haraka. Utando wa buibui ni wa dakika chache: yeyusha mashmelo kwenye maikrowevu kwa sekunde 10 au 15, koroga, subiri zipoe kidogo, kisha zivute kwa vidole na uzitandaze juu ya keki. Mizuka ya merengi hukaukia kwenye oveni ya nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa moja na nusu hivi. Ipange juu ya keki mwishoni kabisa, kwa kuwa hunywa unyevu na kulegea.

Jambo la kuangaliwa kwa makini ni unga wa kung'arisha. Chupa iliyoandikwa kwamba haina sumu haimaanishi unga huo unaliwa; tafuta maandishi yanayosema wazi kuwa ni wa kuliwa, pamoja na orodha ya viambato. Huko Rhode Island mwaka 2018, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopambwa kwa unga wenye shaba nyingi. Mwaka uliofuata, Missouri, mtoto alikutwa na madini ya risasi mwilini baada ya kula keki yenye mapambo ya unga wa namna hiyo. Keki ya watoto isiwe na unga usioujua, wala vijiti vya meno vilivyofichwa ndani ya mapambo, wala macho ya pipi ngumu za mviringo kwa walio chini ya miaka minne.

Sasa kisu. Kama keki ni ndefu, usikate pembetatu. Ikate ubapa mmoja wenye upana wa sentimita mbili na nusu kutoka upande hadi upande, ulaze ubapa huo ubaoni, ndipo uugawe. Uso mkubwa uufinyange juu ya kibao chake chembamba, ili uondolewe mzima na kugawiwa peke yake. Nguzo zinazoshikilia keki zihesabu unapozichomeka na umwambie mwenye sherehe idadi yake. Chovya kisu kwenye maji ya moto na ukifute kila unapokata, la sivyo mashmelo zitakwama. Kipande cha kwanza kikate wewe mwenyewe mbele ya wageni, na ukianzie usoni, kwenye lile pambo lililokugharimu muda mrefu kuliko yote. Wakiona mkono wako hausiti, watanyoosha sahani.