Jinsi ya Kuandika Insha ya Kuomba Nafasi katika Shule ya Biashara

Tangu Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, mazungumzo mengi mjini yamekuwa ya biashara: nani atasimamia viwanda, vyama vya ushirika, sako na kampuni zinazokua. Wapo vijana wengi wa Uasin Gishu wenye shahada ya kwanza na miaka kadhaa ya kazi ambao wangependa kusomea MBA, iwe hapa nchini au ng'ambo. Alama wanazo na uzoefu wanao. Kinachowaangusha wengi ni insha.

Makala haya yanaeleza insha hiyo ni nini, wasomaji wake wanatafuta nini, na mwombaji aiandike vipi. Ingawa mara nyingi insha yenyewe huandikwa kwa Kiingereza, kufikiri kunakohitajika ni kule kule katika lugha yoyote.

Insha hii si ile ya darasani

Wengi waliosoma Kenya walifunzwa kuandika insha kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi alifungua kwa methali, akapamba kwa tashbihi, akaeleza jua lilivyochomoza, na mwalimu akampa alama za lugha. Insha ya maombi haitafuti mapambo. Msomaji wake ni afisa wa udahili mwenye mamia ya faili mezani, na anataka kujua mambo matatu tu: mtu huyu amefanya nini, anataka kwenda wapi, na kwa nini masomo haya ndiyo daraja la kumvusha.

Maswali yenyewe huwa mafupi. Kwa miaka mingi Shule ya Biashara ya Stanford, Marekani, imewauliza waombaji ni jambo gani lililo na maana zaidi kwao, na kwa nini. Kisha ikawauliza kwa nini wanaitaka shule hiyo. Udhamini wa Chevening wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka wa 1983 na unaolipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, huuliza kuhusu uongozi, uhusiano wa kikazi, sababu za kuchagua kozi na mipango ya kazi baada ya masomo. Anayeupata hutakiwa kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili. Kwa hivyo insha isiyoonyesha mwombaji atarudi kufanya nini ina pengo kubwa.

Hatua ya kwanza: kukusanya kabla ya kuandika

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, mwombaji achukue daftari na aorodheshe matukio kumi ya kazini au kijijini ambapo alifanya uamuzi uliobadilisha kitu. Kando ya kila tukio aandike tarehe, idadi ya watu waliohusika, kiasi cha fedha au mali, nani alipinga, na nini kilitokea mwishoni. Matukio mawili au matatu yatajitokeza yenyewe kuwa na uzito.

Hapa ndipo wengi hujidharau. Mtu aliyekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama Turbo, aliyesimamia ghala la mahindi Ziwa, au aliyepanga safari za lori la maziwa kutoka Ainabkoi huona hayo ni mambo madogo, akaamua kuandika kuhusu siasa za bara zima. Ukweli ni kinyume. Afisa wa udahili amesoma mara nyingi kuhusu ndoto ya kubadilisha Afrika. Kuhusu ghala la Ziwa hajawahi kusoma.

Hatua ya pili: kuonyesha, si kujisifu

Tazama mfano huu wa kubuni wa aya dhaifu:

"Mimi ni kiongozi shupavu na mchapakazi. Tangu utotoni nimekuwa na ari ya biashara. Nilisaidia chama chetu kupata maendeleo makubwa."

Hakuna uongo hapo, lakini hakuna ushahidi pia. Aya hiyo inaweza kuandikwa na mtu yeyote. Sasa mwombaji huyo huyo aandike hivi:

"Chama chetu cha ushirika cha Moiben kilikuwa na wanachama 140, na maziwa ya jioni yalikuwa yakiharibika kabla ya lori kufika asubuhi. Nilipendekeza tununue tangi la kupoza, mwenyekiti akakataa mara mbili kwa sababu ya gharama. Kwa wiki sita nikapima lita zilizokataliwa kila asubuhi: wastani ulikuwa 90. Nilipoonyesha mkutano hasara hiyo kwa shilingi, wanachama walipiga kura tuombe mkopo. Benki ikatuomba makadirio ya mapato na matumizi ya miaka mitatu. Sikujua kuyaandaa, na ombi letu likakataliwa."

Aya hii haina neno "kiongozi" hata mara moja, lakini msomaji amemwona kiongozi. Pia imemaliza kwa kushindwa, na hilo ndilo jambo la thamani zaidi ndani yake: imeonyesha pengo halisi. Sababu ya kutaka kusoma haihitaji tena kutungwa. Mwombaji anajua ng'ombe na lita. Anachokosa ni elimu ya fedha.

Jambo jingine la kuangalia ni neno "sisi". Malezi yetu yanafundisha kutojitanguliza, na ni malezi mema. Lakini kamati ya udahili haiwezi kukidahili chama kizima. Inafaa mwombaji aeleze kundi lilifanya nini, kisha aseme waziwazi yeye binafsi alifanya nini.

Hatua ya tatu: kwa nini shule hii

Kusifu majengo na umaarufu wa shule hakusaidii. Shule yenyewe inajua ni maarufu. Mwombaji asome mtaala, ataje somo au mpango anaouhitaji na auhusishe na pengo lake. Mwombaji wa mfano wa Moiben angetafuta masomo ya fedha za biashara ndogo na ya kilimo-biashara. Njia rahisi ya kujipima ni hii: akifuta jina la shule na kuweka jina la nyingine, na aya ikaendelea kusomeka vizuri, basi hajajibu swali.

Malengo nayo yapangwe kwa ngazi: kazi ya kwanza baada ya masomo, kisha ya miaka kumi ijayo. "Nitafungua kampuni kubwa" ni matumaini tu. "Nitarudi kusimamia fedha za muungano wa vyama vya maziwa vya Uasin Gishu, kisha nianzishe kiwanda cha kutengeneza jibini" ni mpango unaoweza kuulizwa maswali kwenye mahojiano.

Hatua ya nne: kukagua

Insha nzuri huandikwa mara nne au tano. Ni vyema kuanza miezi mitatu kabla ya makataa, kisha kuwapa rasimu watu wawili: mmoja anayemjua mwombaji kazini, ili aseme kama ni kweli; na mwingine asiyemjua, ili aseme kama inaeleweka. Wanaoandika barua za mapendekezo nao waarifiwe mapema ili ushuhuda wao usipingane na insha.

Makataa yasomwe pamoja na saa za nchi husika. Saa sita mchana ya London ni saa nane mchana Eldoret wakati wa kiangazi cha Uingereza, na saa tisa alasiri wakati wa baridi yao.

Tahadhari kuhusu wauza insha

Wapo wanaojitangaza kuwa watamwandikia mwombaji insha kwa ada, na wengine huahidi nafasi yenyewe. Insha ya kununuliwa huwa na hatari mbili. Kwanza, vyuo vingi hutumia programu za kugundua maandishi yaliyonakiliwa, na akibainika mwombaji hufungiwa mlango. Pili, hata ikipita, mahojiano yatamuuliza kuhusu maisha asiyoyaishi. Wakazi wa kaunti hii hawahitaji kukumbushwa uchungu wa familia iliyouza ng'ombe au kipande cha shamba kwa ajili ya masomo ya ng'ambo ambayo hayakutimia. Maombi yapelekwe moja kwa moja kupitia tovuti rasmi ya chuo au ya mfadhili, na ada, kama ipo, ilipwe huko huko.

Kabla ya kutuma, mwombaji ahakikishe kwamba:

• Amejibu swali aliloulizwa, na hajapita idadi ya maneno.
• Kila sifa anayojipa ina tukio la kuithibitisha.
• Takwimu zote ni za kweli na anaweza kuzieleza.
• Mchango wake binafsi unaonekana.
• Jina la shule ni sahihi, hasa kama ametuma maombi kwa zaidi ya moja.
• Ameisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho.

Akikwama pa kuanzia, na arudi kwenye lile daftari la matukio kumi.