Kurahisisha Programu za Amri kwa Mtumiaji wa Kawaida

Watu wengi huendesha kompyuta kwa kugusa picha zilizomo katika kiwambo. Iko njia nyingine ya zamani zaidi, nayo ingali ikitumika sana: mtumiaji huandika amri kwa herufi, na mashine huitekeleza. Makala hii yaeleza kwa nini programu za amri humtatiza mtu wa kawaida, na jinsi zinavyoweza kurahisishwa bila kupunguziwa nguvu.

Amri nyingi za leo zina asili katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs, Marekani. Siku zile amri zilipigwa kwa mashine za chapa zilizokwenda polepole, hivyo majina mafupi yalipendelewa: cp ni kunakili, rm ni kufuta. Aidha, amri iliyofaulu kwa kawaida hunyamaza. Desturi hizo ziliwafaa watungaji, ambao walizitumia wenyewe kila siku. Lakini mwaka 1981 mwanasaikolojia Donald Norman aliukosoa mfumo huo katika jarida la Datamation, akionyesha kwamba majina yake na ukimya wake havimjali mgeni.

Tuchukue mfano. Karani wa zahanati ana folda yenye kumbukumbu za mwaka mzima, naye ataka kufuta faili za muda ambazo majina yake huishia na .tmp. Amri sahihi ni:

rm *.tmp

Nyota husimama badala ya jina lolote. Kidole kikiteleza, akaandika:

rm * .tmp

kumbukumbu zote hufutwa. Mashine huarifu tu kwamba faili iitwayo .tmp haikuonekana! Sababu ni kwamba programu ipokeayo amri huigeuza nyota kuwa orodha ya majina kabla rm haijaanza kazi. Kwa hiyo rm haiwezi kujua kwamba nafasi moja imeongezwa kwa bahati mbaya.

Mtengenezaji afanye nini? Mambo yafuatayo yafaa kuzingatiwa.

Kwanza, programu iulize kabla ya kuharibu, lakini kwa kiasi. Amri rm -i huuliza kwa kila faili. Mtu aliyeulizwa mara mia hujibu ndiyo bila kusoma. Katika rm ya GNU, chaguo la -I huuliza mara moja tu, iwapo faili zinazidi 3.

Pili, pawepo njia ya kujaribu bila kutenda. Programu ya kunakili iitwayo rsync, ikipewa --dry-run, huonyesha ambayo ingeyafanya, wala haigusi kitu.

Tatu, taarifa ya kosa ieleze lililotokea na la kufanya. Programu ya git, ikipewa amri iliyokosewa herufi, hupendekeza iliyo karibu nayo.

Nne, maelezo ya msaada yaanze na mifano, tena kwa lugha ya mtumiaji. Zana ya gettext huwezesha taarifa za programu kutafsiriwa, kwa Kiswahili pia, bila kuitunga programu upya.

Mwisho, programu ipewe mtu asiyeijua, naye mtengenezaji akae kimya akitazama. Kila mahali mtu huyo atakapokwama, hapana budi kirekebishwe chombo kabla ya kulaumiwa mtumiaji.