Jiko la zamani: ninunue au niache?

SWALI: Nipo Ohio, Marekani. Nimeona jiko la umeme la Frigidaire Flair la miaka ya 1960. Mlango wa oveni hufunguka kwa kupanda juu, na plati huvutwa kama droo. Mwenyewe anasema ni zima. Nilinunue nilipeleke nyumbani Dar es Salaam?

JIBU: Usitoe pesa kabla halijawashwa mbele yako: kila plati, kila hatua ya swichi, na oveni. Plati ikifa si msiba. Swichi na saa ndizo zinazotesa, maana vipuri vyake mara nyingi hunyofolewa kwenye majiko mabovu. Tazama na nyaya za nyuma. Zikiwa na kava lililochakaa, usizichokonoe; huenda lina asbesto.

Kuhusu Dar, jiko hilo linahitaji volti 120 na 240 kwa pamoja, hezi 60. Tanzania ni volti 230, hezi 50. Taa na saa ukiziunga moja kwa moja zitaungua. Hata ukiweka transfoma, saa yake itachelewa dakika 10 kila saa.

Kama utapikia hukohuko Ohio, nunua. Kwa Dar, litakuwa pambo la gharama.