Nakwepa kikao cha kikoba

*Biashara yangu ya mitumba imekufa. Nadaiwa marejesho ya kikoba, wiki ya tatu sasa nakwepa kikao, usingizi sipati. Nifanyeje? – Mama J., Temeke*

Pole, Mama J. Kinachokunyima usingizi ni aibu kuliko deni lenyewe, nayo hukua mtu akijificha. Mwone mwenyekiti kabla ya kikao, taja kiasi unachokiweza, hata kidogo, uombe kuongezewa muda. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii, mbali na hisa, kwa ajili ya misiba na maradhi. Tazameni katiba yenu inaruhusu nini. Mikopo ya kwenye simu usiiguse: utalipa deni kwa deni. Mweleze na ndugu mmoja unayemwamini. Usingizi ukiendelea kugoma, nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru, nenda leo, na usiende peke yako.