Sauti ya Mzazi katika Sera ya Elimu ya Mahitaji Maalumu

Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu huyajua mambo ambayo ripoti nyingi haziyaoni: ni darasa lipi kiti cha magurudumu hakiingii, ni somo lipi lisilo na vitabu vya breli. Mara nyingi maarifa hayo huishia katika ofisi ya mwalimu mkuu. Katika somo hili tunaeleza jinsi yanavyoweza kuwafikia watunga sera nchini Kenya.

Msingi wa haki

Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Ibara ya 118 inalitaka Bunge kuwezesha wananchi kushiriki katika shughuli zake. Mzazi anayetoa maoni, kwa hiyo, haombi hisani. Sera nazo hubadilika: ile ya 2009 ilifuatwa na nyingine mwaka 2018.

Milango mitatu

1. Shuleni. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kila mzazi mwenye mwanafunzi shuleni ni mwanachama wa Chama cha Wazazi. Bodi ya Usimamizi nayo ina nafasi ya mwakilishi wa watu wenye mahitaji maalumu. Uliza ni nani anayeishikilia, kisha umpelekee hoja zako.

2. Maoni kuhusu mswada. Kamati za Bunge hutangaza mwaliko wa maoni na siku ya mwisho ya kuyapokea. Taja kifungu, onyesha kasoro yake, kisha pendekeza maneno mbadala.

3. Ombi rasmi kwa Bunge. Haki hii imo katika Ibara ya 119. Ombi laweza kuandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Lieleze hatua ulizokwisha kuchukua na iwapo suala liko mahakamani. Asiyeweza kutia sahihi huweka alama ya kidole gumba. Ndiyo sababu tunawashauri wazazi watunze nakala ya kila barua na kila jibu.

Kutoka lalamiko hadi pendekezo

“Mwanangu kiziwi hamwelewi mwalimu” ni lalamiko la haki, lakini laweza kumalizwa kwa kumhamisha mtoto mmoja. “Kila shule inayopokea wanafunzi viziwi iwe na mwalimu anayeimudu lugha ishara” ni kanuni inayomlinda hata mtoto atakayesajiliwa mwakani. Anza na kisa cha mwanao, ukimalize kwa kanuni inayowafaa wote.

Tahadhari

Maoni yanayowasilishwa huweza kuwa kumbukumbu ya umma. Usitaje jina la mtoto wala maelezo ya matibabu yake pasipo lazima.

Jipime

Je, hoja yako inataja mwenye wajibu, jambo analopaswa kulitenda na muda wa kulitenda? Kama bado, iandike upya kabla ya kuiwasilisha.