Kontena la Programu: Jinsi ya Kulisimika na Kulijaribu

Programu ya kompyuta haijitegemei. Ili ifanye kazi, huhitaji programu nyingine ndogo ndogo zilizomo katika mashine, tena za toleo linalofaa. Ndiyo maana hesabu iliyokwenda sawasawa kwenye kompyuta moja mjini Korogwe yaweza kukwama kwenye nyingine iliyoko Makuyuni, katika wilaya hiyo hiyo, ingawa mashine zote mbili ni nzima. Katika somo hili tutaeleza njia mojawapo ya kuondoa tatizo hilo.

1. Maana ya kontena

Neno hili limetoka bandarini. Mwaka 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli ya Ideal X, kutoka Newark hadi Houston. Winchi ilinyanyua kontena zima bila kujali kilichomo. Kanuni ni hiyo hiyo katika kompyuta: programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji, isipokuwa kiini cha mfumo wa uendeshaji, ambacho makontena yote hukitumia kwa ushirika. Wazo la kuitenga programu lilianza kuonekana katika mfumo wa Unix mwaka 1979, likaenea sana baada ya Docker kutolewa mwaka 2013.

Hapa tutaita programu iliyofungwa kifurushi. Kifurushi kinapoendeshwa huwa kontena.

2. Faida yake

Kati ya mwaka 2009 na 2014 chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Korogwe ikiwa mojawapo. Hesabu za utafiti wa namna hiyo hazina budi kutoa jibu moja popote zinapofanywa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2016 wataalamu wa H3ABioNet, mtandao wa taasisi za utafiti wa Afrika, walianza kuzifunga programu zao za kuchambua chembe za urithi katika makontena, kwa kuwa kompyuta za maabara zao hazikufanana.

3. Kusimika

Tumia kompyuta yenye Ubuntu, iliyounganishwa na intaneti. Andika amri hizi, moja baada ya nyingine:

sudo apt update
sudo apt install docker.io

4. Kujaribu

Andika:

sudo docker run hello-world

Docker itatafuta kifurushi hicho katika mashine. Isipokipata itakileta kutoka kwenye intaneti. Ujumbe wa salamu ukitokea, usimikaji umefaulu. Sasa kata intaneti, kisha urudie amri hiyo. Salamu zitatokea tena, maana kifurushi sasa kimo ndani ya mashine.

5. Kusafirisha

Shule isiyo na intaneti ya kutegemewa yaweza kuletewa kifurushi kwa flashi. Kwenye kompyuta ya kwanza andika:

sudo docker save hello-world > salamu.tar
sha256sum salamu.tar

Amri ya pili hutoa alama ya faili, inakili daftarini. Peleka faili kwenye kompyuta nyingine iliyokwisha simikwa Docker, kisha uandike:

sha256sum salamu.tar
sudo docker load < salamu.tar
sudo docker run hello-world

Alama zikitofautiana, faili imeharibika njiani. Inakiliwe upya kabla ya kuendelea.

6. Tahadhari

Kompyuta zote mbili ziwe na kichakataji cha aina moja: kifurushi kilichotengenezwa kwa Intel pekee hakifanyi kazi kwenye ARM hivi hivi. Tena, kontena si gereza. Usiendeshe kifurushi usichojua kimetoka kwa nani. Na kumbuka kwamba kontena huhifadhi njia ya kukokotoa, wala halisahihishi hesabu: kosa lililofungwa ndani litatoka vile vile kila mahali.

Maswali

1. Kwa nini kontena halibebi kiini cha mfumo wa uendeshaji?
2. Jaribio la kukata intaneti linathibitisha nini?
3. Wanafunzi wa shule mbili wamepata majibu tofauti kwa kifurushi kimoja. Taja mambo mawili ya kuchunguza kwanza.