Moyo wa Kikundi

Anayetaka wanakijiji maskini wafanye naye biashara kwa moyo asidhani kwamba maneno matamu yatatosha. Mwaka 1933 vyama vya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro viliungana katika KNCU. Mkulima alipopeleka kahawa yake alipata malipo ya kwanza, nayo ikiisha kuuzwa, alipata nyongeza. Hapo aliona kwa macho yake kwamba faida ni yake. Lakini mwaka 1976 Serikali ya Tanzania ilivunja vyama vikuu vya ushirika, hata ikalazimu kuvirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Basi, mwenye kushirikiana na kikundi na akipe sauti, akilipe kwa wakati, akifungulie hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari.